Sintaksia ya Asembli: Panapoamua Prosesa na Panapoamua Mazoea

Prosesa ya kompyuta, sawa na ile ya simu ya mkononi, haisomi chochote isipokuwa namba zilizopangwa katika kumbukumbu, na kila fungu la namba hizo ni amri moja ndogo: jumlisha, hamisha, linganisha, ruka. Kwa kuwa ni vigumu mno kwa binadamu kuandika kurasa nzima za namba bila kukosea, ilibuniwa asembli, lugha inayoipa kila amri jina fupi linalosomeka, pamoja na programu iitwayo asembla inayoyarudisha majina hayo kuwa namba. Kathleen Booth wa Chuo cha Birkbeck, London, hutajwa kuwa mwasisi wake kwa kazi ya mwaka 1947, na tangu wakati huo kila ukoo wa prosesa umekuja na asembli yake.

Anayehama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine hulalamika kwamba sintaksia, yaani kanuni za kupanga maneno na alama, imemgeukia. Malalamiko hayo ni ya haki, ila huchanganya mambo mawili: zipo tofauti zinazotokana na umbo la prosesa yenyewe, na zipo nyingine ambazo prosesa haina habari nazo kabisa, kwa kuwa ni mazoea ya waliotunga asembla.

Kujumlisha kunaonyesha aina ya kwanza. Katika RISC-V, usanifu uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia mwaka 2010, huandikwa add a0, a1, a2, maana yake kilichomo a1 kijumlishwe na kilichomo a2, jibu liwekwe a0. Hizo zote ni rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa. Katika x86, ukoo ulioanza na Intel 8086 ya mwaka 1978, huandikwa add eax, ebx, rejista mbili tu, na jibu hufuta kilichokuwamo eax, hata anayetaka kukihifadhi hulazimika kukinakili kwanza kwingine. Sababu imo katika biti. Amri ya kawaida ya RISC-V ina biti 32, na kwa kuwa rejista ni 32, kila moja hutajwa kwa biti 5. Rejista tatu huchukua biti 15, na 17 zinazobaki hueleza kazi yenyewe. Wabunifu wa 8086, waliokuwa na rejista nane za kutaja kwa biti 3 kila moja, walizibana mbili katika baiti moja pamoja na biti 2 za kueleza kama kumbukumbu inahusika, basi rejista ya tatu ikakosa pa kukaa. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua hali hii katika kitenzi chake: husema "nimempa kitabu", wala hawezi kusema "nimekimpa", kwa sababu nafasi ya kiambishi cha mtendwa ni moja na imekwisha kujazwa.

Aina ya pili inaonekana ndani ya x86 hiyohiyo, ambayo ina mitindo miwili ya kuandika. Ili kuweka namba 5 katika eax, mtindo wa Intel husema mov eax, 5, hali mtindo wa AT&T, uliotoka katika mazingira ya Unix, husema movl $5, %eax: mpokeaji huja mwisho, rejista hutanguliwa na alama ya asilimia, namba hutanguliwa na alama ya dola, na herufi l huonyesha kwamba ni biti 32. Sentensi hizo mbili huzaa baiti zilezile tano, B8 05 00 00 00, kwa hiyo prosesa haiwezi kujua ni mtindo upi uliotumika.

Hata hivyo mazoea nayo yana gharama. Mwandishi wa mtindo wa AT&T akisahau dola na kuandika movl 5, %eax, sentensi inabaki halali, ila sasa inaamuru kuchukua kilichomo kwenye anwani ya 5 ya kumbukumbu. Katika programu ya biti 32 hutokea A1 05 00 00 00: baiti moja tu imebadilika, asembla haikulalamika, na programu ikiendeshwa katika Linux husimamishwa kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake. Mtindo wa Intel, unaozungushia anwani mabano ya mraba, humkinga zaidi mwanafunzi, ingawa zana za GNU huonyesha mtindo wa AT&T zisipoelekezwa vingine, na hivyo kusoma yote miwili hakuepukiki.

ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika kampuni ya Acorn, Cambridge, na kufanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985, humtanguliza mpokeaji kama Intel. LDR r0, [r1] huleta katika r0 kilichomo kwenye anwani iliyotajwa na r1. Lakini STR r0, [r1], yenye mpangilio uleule, hupeleka kilichomo r0 kwenye kumbukumbu, na mpokeaji amehamia kulia. Amri ya sw a0, 0(a1) ya RISC-V hufanya vivyo hivyo, na hapo mazoea yanakutana tena na umbo la prosesa, kwa maana katika biti 32 za sw hakuna nafasi yoyote ya rejista ya kupokea: biti 5 ambazo katika add humtaja mpokeaji, hapa zimepewa sehemu ya namba inayoongezwa kwenye anwani.