Tiva wa Mafunjo: Tumtambue kwa Manyoya Yake

Wasomaji wetu wa mwambao wanamjua tiva: mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mwenye sauti tamu itokayo kichakani ilhali mwenyewe haonekani. Lakini walio na jamaa zao Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wafahamu kwamba kule tiva huvaa vazi jingine. Ukishuka hadi Sio Port, karibu na pale Mto Sio unapoingia katika Ziwa Viktoria, utawakuta tiva wawili wanaofanana mno. Kuwatofautisha si jambo la kufurahisha macho tu.

Wa kwanza ni tiva kichwa-cheusi. Kichwa, mgongo na mbawa zake ni nyeusi ti. Kuanzia kooni hadi tumboni ni mwekundu kama punje za komamanga. Huyu hukaa popote penye vichaka, hata karibu na nyumba.

Wa pili ni tiva wa mafunjo, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri, kwa jina la milima ya Mufumbiro iliyoko mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Naye ni mweusi mgongoni na mwekundu kifuani, hata mtazamaji mwenye haraka akadhani ni yule yule. Basi mtazame utosini: ana rangi ya dhahabu, mfano wa aliyevaa kofia. Kisha mtazame ubawani: ana mstari mweupe ambao mwenziwe hana. Alama hizo mbili zatosha.

Dume na jike huvaa vazi moja, kwa hiyo manyoya hayatakwambia yupi mume na yupi mke. Makinda nayo huwa na rangi zilizofifia. Ukimwona mmoja usikate shauri upesi. Subiri mzazi aje kumlisha, ndipo utakapojua ni wa ukoo gani. Wakati mzuri ni alfajiri, baada ya Swala, ukisimama kimya ukingoni mwa kinamasi. Kwa kawaida utamsikia kabla hujamwona.

Kwa nini basi tujitaabishe? Kwa sababu tiva kichwa-cheusi akikatiwa kichaka chake huhamia kingine, lakini tiva wa mafunjo makao yake ni mafunjo tu. Yakichomwa moto ili shamba lipatikane, hana pa kwenda. Na si yeye peke yake atakayepata hasara. Mafunjo huzuia tope lisiingie ziwani na huwahifadhi samaki wachanga ambao kesho watakuwa kitoweo chetu.

Haina maana kwamba mama anayesuka mikeka aweke kisu chini. Mafunjo yaliyokatwa huchipuka tena kutoka mashinani, mradi yapewe muda. Neno ni kukata kwa zamu: sehemu hii mwaka huu, ile mwakani, na daima libakizwe pori refu lisiloguswa. Moto unaofuatwa na jembe ndio usiorudisha.

Likizo ijayo, inshallah, mkienda kuwazuru jamaa Busia, wachukueni watoto hadi Sio Port. Waulizeni swali moja tu: utosi ule ni mweusi au wa dhahabu? Mtoto akijibu dhahabu, basi mafunjo ya hapo bado yangali hai.