Kikokotoo Bungeni: Ni Nani Anayeubeba Uzee wa Mfanyakazi?

Neno "kikokotoo" lilikuwa la wahasibu mpaka mwaka 2018. Tangu hapo limekuwa neno la siasa. Limesemwa Bungeni Dodoma kwa sauti ya ukali, limesemwa katika mikutano ya vyama vya wafanyakazi, na hakuna chumba cha walimu ambamo halikujadiliwa. Lakini ukimwomba anayelitamka akueleze maana yake, mara nyingi atakutajia asilimia tu: 50, 25, 33, 40. Shabaha ya makala hii ni kuonyesha kwamba asilimia hiyo ni sehemu moja tu ya jambo lenyewe, tena si ile inayouma zaidi. Kada anayeishia kwenye asilimia hawezi kumjibu mfanyakazi, na wala hawezi kumsaidia.

Kwanza kabisa yafaa tuelewe pensheni ni kitu gani. Wapo wanaoiona kuwa ni hisani ya mwajiri kwa mtu aliyemtumikia vizuri. Fikra hiyo ina asili yake. Chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954, iliyotungwa na wakoloni, mtumishi wa Serikali hakukatwa mchango wowote. Serikali ilimlipa kutoka katika hazina yake alipostaafu, naye akashukuru. Utaratibu huo kwa watumishi wa Serikali Kuu uliendelea hata baada ya Uhuru, mpaka ulipoanzishwa mfuko wa PSPF mwaka 1999. Leo hali ni nyingine. Katika Mfuko wa PSSSF huchangwa asilimia 20 ya mshahara: 5 za mtumishi na 15 za mwajiri. Na zile 15 zisitudanganye. Mwajiri hazitoi mfukoni mwake kwa huruma. Ni sehemu ya malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, ambayo imezuiliwa ili ilipwe siku mikono itakapochoka. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa.

Katika darasa moja mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akikaribia miaka 55, alisimama akaniuliza: "Ndugu mkufunzi, kama fedha ni jasho langu, kwa nini nisipewe zote siku moja nikajenga nyumba yangu?" Darasa likampigia makofi. Swali hilo halistahili kubezwa, na nchi yetu ilikwisha kulijaribu. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulioundwa mwaka 1964, ulifanya hivyo hivyo: mtu alichanga, akalipwa chote kwa mara moja, mambo yakaisha. Bei zilipopanda miaka ya 1970 na 1980, akiba ya miaka ishirini ikawa haitoshi hata bati za paa. Hiyo ni sababu moja kubwa ya NPF kugeuzwa mwaka 1997 kuwa NSSF, mfuko unaolipa pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Katika utaratibu huo anayefariki mapema humbeba anayeishi muda mrefu, na hakuna ajuaye atakuwa upande gani. Ni ujamaa ndani ya hesabu, ingawa wataalamu wa fedha hawaupi jina hilo.

Hata hivyo mwalimu yule alikuwa na hoja ya pili ambayo hakuisema. Mshahara wake haukumwezesha kujenga katika miaka thelathini ya kazi. Kwa hiyo kiinua mgongo kwake ndiyo nyumba. Wale wanaosimama na kusema wastaafu hufuja fedha, wangeanza kwa kuuliza mshahara ulikuwa kiasi gani.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Msomaji achukue kalamu, asiogope.

Kikokotoo kina namba tatu. Ya kwanza huamua pensheni kamili ya mwaka: miezi ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha hugawanywa kwa namba fulani. Kwa wanachama wa PSPF na LAPF namba hiyo ilikuwa 540. Kwa PPF na NSSF ilikuwa 580. Ya pili ni ile asilimia, yaani kiasi cha pensheni ambacho mstaafu anakiuza ili apewe fedha taslimu siku ya kwanza. Ya tatu ni bei anayolipwa kwa kila shilingi ya mwaka aliyoiuza: 15.5 kwa PSPF na LAPF, 12.5 kwa wengine.

Tuchukue mtumishi mwenye miezi 360 ya kazi na mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Tuache tofauti za namna ya kupata mshahara wa kukokotolea, maana zitatupotezea njia. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, pensheni yake kamili ni shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Anauza nusu kwa bei ya 15.5, anapata mkupuo wa 62,000,000, na kila mwezi atapokea 333,333. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 1, 2022, yaani 580, asilimia 33 na 12.5, pensheni kamili inakuwa 7,448,276. Mkupuo ni 30,724,138 na kila mwezi ni 415,862.

Hapa ndipo pa kusimama. Bungeni na nje ya Bunge watetezi wa kanuni mpya walisema mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka, kwa hiyo mstaafu hakupoteza kitu. Tupime. Mkupuo umepungua kwa shilingi 31,275,862. Pensheni imeongezeka kwa 82,529 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo lile inahitajika miezi 379, yaani zaidi ya miaka 31 na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 atakuwa amepita 91, na hapo hatujahesabu kwamba shilingi ya mwaka wa thelathini si shilingi ya leo. Ndugu zangu, hapo fungu halikugawanywa upya tu, lilipunguzwa. Lilipunguzwa na 580 na 12.5, namba mbili ambazo karibu hazikutajwa katika kelele zote za asilimia.

Lakini kada asikimbilie upande mmoja. Mfanyakazi wa kiwanda aliye NSSF alikuwa tayari kwenye 580, 12.5 na asilimia 25, na hakuna aliyempigia kelele. Kwake mwaka 2022 mkupuo ulipanda kutoka 23,275,862 hadi 30,724,138, na pensheni ya mwezi ikashuka kutoka 465,517 hadi 415,862. Bei ya kuuza ni ile ile. Huo kweli ni mgawanyo mpya wa fungu lile lile. Mabadiliko yale yale yalikuwa ni kukatwa kwa mmoja na uchaguzi tu kwa mwingine. Walio karibu na ofisi walisikika zaidi kuliko walio karibu na mashine.

Kwa nini basi kikokotoo cha zamani hakikudumu? Jibu la Serikali lilikuwa uhimilivu wa Mfuko, na jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli nusu. PSPF ilipoanza kupokea michango mwaka 1999, ilitakiwa pia kuwalipa wastaafu kwa miaka waliyotumikia kabla ya hapo, miaka ambayo hakuna aliyekuwa amechanga. Deni hilo lilikuwa la Serikali. Lilikaa bila kulipwa kwa miaka mingi, na Mfuko ukawa unawalipa wazee kwa michango ya vijana. Mwaka 2018 PSPF iliunganishwa na PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, na deni likahamia humo. Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Ilikuwa hatua njema, iliyochelewa. Basi anapoambiwa mwalimu kwamba Mfuko hauna nguvu, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeudhoofisha.

Lipo na jambo la utaratibu. Sheria ya kuunganisha mifuko ilipita Bungeni mwanzoni mwa mwaka 2018, lakini namba tatu tulizozieleza zilikuja baadaye, katika kanuni. Wabunge walipitisha nyumba bila kuona vyumba. Kanuni ziliposhusha watumishi wote kwenye asilimia 25, wafanyakazi wakalalamika, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wao Ikulu akazisimamisha mpaka mwaka 2023. Kikokotoo cha 2022 kilitokana na mazungumzo ya Serikali, wafanyakazi na waajiri. Mjadala ukarudi Bungeni kwa nguvu, wabunge wa chama tawala wakiwamo, mpaka katika bajeti ya Juni 2024 mkupuo ukapandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliokuwa kwenye 50 zamani, na hadi 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Kwa mtumishi wa mfano wetu, asilimia 40 ni mkupuo wa 37,241,379 na pensheni ya 372,414. Msomaji aangalie: asilimia ilisogea, 580 na 12.5 hazikuguswa.

Na wakati haya yote yakijadiliwa, wakulima na wavuvi, ambao ndio wengi, hawakuwamo ndani ya hesabu. Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumpatia mtu msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Haisemi mtu aliyeajiriwa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichanga au hakuchanga, na baadaye ikaongeza hadi 50,000. Bibi aliyelima mwani Paje hupokea bila kuulizwa miezi yake ya utumishi. Bibi aliyelima pamba Maswa hakuwekewa utaratibu wa namna hiyo, na katika mabishano yale ya asilimia jina lake lilitajwa mara chache sana.