Mwenye mzigo ndiye hukwamisha lori

MVUA za West Nile huanza kwa kishindo mwezi wa Aprili na, isipokuwa mapumziko mafupi katikati ya mwaka, huendelea hadi Novemba. Katika miezi hiyo, mfanyabiashara anayetoka Arua na bidhaa zake na mkimbizi anayerudi kwao na mabati yake huwa na swali moja: je, lori litafika?

Nimeendesha malori katika eneo hili kwa zaidi ya miaka 20, mengi yakiwa Fuso na Canter zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Nililojifunza huenda lisiwapendeze wasomaji wengi. Mara nyingi anayekwamisha lori si dereva, wala si tope. Ni mwenye mzigo, tena kabla safari haijaanza.

Barabara kuu si tatizo tena. Lami ya kutoka Vurra, kwenye mpaka wa Congo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92 na ilijengwa katika muongo wa 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Safari ya Arua hadi Koboko, ambayo zamani ingeweza kumaliza siku nzima wakati wa mvua, sasa huchukua kama saa moja.

Lakini biashara haiishii kwenye lami. Mihogo na tumbaku ziko vijijini Terego, Maracha na Ludara. Soko la Ariwara liko ng'ambo, Congo. Naye anayerejea Yei hupitia Oraba na Kaya, kisha hukabiliana na udongo mwekundu. Isitoshe, madereva wengi vijana wamejifunzia kazi juu ya lami, na tope hukutana nalo kwa mara ya kwanza wakiwa na mali ya watu mgongoni.

Uzito ukae wapi?

Kwanza tuelewe lori lenyewe. Magurudumu ya mbele hugeuza tu, ya nyuma ndiyo husukuma. Tena difu hupeleka nguvu upande ulio mwepesi. Magurudumu ya kushoto yakiwa kwenye utelezi yatazunguka kama feni, huku ya kulia yaliyo kwenye ardhi ngumu yakitulia tuli. Ndiyo maana lori zima linaweza kushindwa na shimo la upande mmoja.

Kwa sababu hiyo, lori tupu huteleza kwa kukosa uzito nyuma, nalo lililozidishiwa huzama. Mzigo mzito, kama saruji, chumvi na magunia ya mahindi, hutakiwa kukaa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na kugawanywa sawa kulia na kushoto. Ukirundikwa mkiani, sehemu ya mbele huinuka na usukani hausikii. Ukiegemea upande mmoja, lori huvutwa mtaroni.

Hata hivyo, ni wangapi hupakia hivyo? Wengi hupakia kwa kufuata nani kafika kwanza na nani atashuka kwanza. Kisha tajiri huongeza magunia kumi ya jirani, na watu hupanda juu ya mzigo. Hapo lori limekwishakwama, limebaki kusubiri tope tu.

Shuka utembee

Dereva mwenye akili akifika mahali pabaya husimama kwenye ardhi ngumu, hushuka na kupita kwa miguu akiwa na fimbo. Fimbo ikizama kidogo na kugonga ukokoto, pitia hapo. Ikizama bila kugonga kitu, tafuta njia nyingine. Kwenye mkondo wa maji fanya vivyo hivyo, lakini usiingie maji yaendayo kasi hata kama yanaonekana mafupi. Vijito vyetu vingi hujaa haraka, na mvua ikikatika hupungua baada ya saa chache. Kusubiri pia ni kuendesha.

Gia ichaguliwe kabla ya kuingia. Gia ya pili mara nyingi hufaa kuliko ya kwanza, kwani ya kwanza huyazungusha magurudumu kwa nguvu mno na kuyafanya yachimbe. Ukishaingia, usikanyage klachi, usibadili gia, usifunge breki na usikate kona kali. Mguu ubaki pale pale, lori lende kwa mwendo ule ule hadi litoke.

Barabara ya udongo huinuliwa katikati ili maji yatiririkie kando. Ikilowa, lori lisilo katikati huteleza kuelekea mtaroni. Ukiona gari likija, simama mapema mahali pagumu ulipishe. Wanaovuka mpaka wakumbuke pia kwamba Congo na Sudan Kusini huendesha kulia. Dereva mwenye usukani wa Uganda huwa amekaa upande wa mtaro, hivyo tanboi lazima awe macho yake ya upande wa pili.

Kwenye mchanga mwingi, kupunguza upepo wa matairi kwa robo hivi husaidia, kwani tairi hutanuka na kuelea. Lakini ni kwa mwendo wa polepole tu, na upepo urudishwe kabla ya lami. Tairi laini lenye mzigo hupata joto na kupasuka.

Saa tatu au siku mbili

Mwaka 2007, baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, nilibeba familia tatu zilizokuwa zikirudi upande wa Yei. Baada ya kupita Kaya tulikuta kijito kimefurika. Niliwaomba washuke. Tulisubiri kama saa tatu maji yakapungua, kisha tukashusha nusu ya mzigo. Akina mama na vijana waliubeba kichwani hadi ng'ambo. Lori likavuka, tukapakia upya. Walinung'unika, na kwa kweli walikuwa wamechoka.

Nyuma yetu lilikuja lori jingine lenye unga na vitunguu. Dereva alitaka kusubiri, lakini mwenye mzigo alimwambia ama avuke ama asahau malipo yake. Alivuka na shehena yote. Katikati magurudumu yakaanza kuzunguka, naye akaongeza mafuta, likazama hadi ekseli. Lilitolewa baada ya siku mbili. Hakuna aliyeumia, lakini unga uliloa wote, nao ulinunuliwa kwa fedha za mkopo. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka.

Likikwama

Magurudumu yakizunguka bila lori kwenda, toa mguu mara moja. Kila sekunde ya kukanyaga mafuta ni jembe moja zaidi. Jaribu kurudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia, maana hiyo tayari imekubeba. Ikishindikana, shusha mzigo kwanza, chimba tope mbele ya magurudumu, kisha weka mawe, matawi au mbao. Jeki isiwekwe kwenye tope bila ubao mpana chini yake.

Mtu yeyote asisimame nyuma ya magurudumu, kwani ubao huweza kuruka kama mshale. Asisimame pia karibu na kamba au waya unaovuta, kwani ukikatika huweza kuua. Watu wote washuke, wazee na watoto wakae mbali. Baada ya kutoka, angalia kama jiwe limebanwa kati ya matairi pacha ya nyuma, na ukanyage breki taratibu hadi zikauke.

Kwa wewe unayekodi lori, makubaliano yafanywe kabla ya kulipa. Uliza kama kuna majembe mawili, panga, mbao, kamba imara na pampu ya upepo. Angalia meno ya matairi ya nyuma kwa macho yako. Kubalianeni uzito wa mwisho, na usiongezwe njiani. Pangeni mapema nani atalipa wapakuaji mzigo ukibidi kushushwa. Ondokeni alfajiri, ili tope liwakute mchana.

La mwisho ni hili: mwambie dereva mbele ya wenzako kwamba akisema hapapitiki, malipo yake hayatakatwa. Maneno hayo hayagharimu shilingi, na yameokoa mizigo mingi kuliko trekta la kuvuta.