Primal Scream: wimbo uliovunjwa, kikundi kikazaliwa upya

Tukiongea muziki hapa swali moja linarudi kila mara: kikundi kikibadilisha mtindo, kinakua ao kinajipoteza? Mimi ninaona Primal Scream, kikundi cha rock cha Glasgow, Uskoti, kinatusaidia kujibu.

Kilianza 1982. Mwimbaji wake, Bobby Gillespie, alipiga pia ngoma katika The Jesus and Mary Chain, hata kwenye albamu yao Psychocandy (1985). Albamu ya kwanza ya Primal Scream, ya 1987, ilikuwa ya magitaa laini ya mtindo wa miaka ya 60. Ya pili, 1989, ikaenda kwa rock nzito. Zote mbili hazikuwaka sana.

Basi wakamupa DJ Andrew Weatherall wimbo wao mmoja wa polepole, hata kama hakuzoea kazi ya studio. Jaribio lake la kwanza liliheshimu wimbo kupita kiasi. Mpiga gitaa Andrew Innes akamwambia auvunje kabisa. Weatherall akatoa karibu uimbaji wote, akaweka mdundo wa dansi na maneno ya filamu ya Marekani ya 1966. Njo ikatoka «Loaded», 1990, iliyofika nafasi ya 16 Uingereza.

Sisi wa agronomia tunaita hiyo greffe: mizizi inabaki ya mti wa zamani, lakini kichipukizi kinatoka kwa mti mwingine, na matunda yanabadilika. Tunda lake lilikuwa Screamadelica (1991), albamu iliyopata Mercury Prize ya kwanza kabisa, 1992.

Lakini kubadilika peke yake hakutoshi. Albamu ya 1994 ilibadilika pia, ila wengi walisikia tu Rolling Stones ndani yake. Kikundi kilipata nguvu tena 1997, kwa Vanishing Point, yenye dub ya Jamaika, na 2000 kwa XTRMNTR, yenye kelele za mashine na hasira ya siasa.

Kwa hiyo tuulize: kitu kipya kimeungana na mizizi, ao ni kuiga tu? Rumba yetu iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2021, na kuilinda ni vizuri. Lakini kijana akiigusa kwa kompyuta, tusikimbilie kusema ameiharibu. Tusikilize kwanza kama imeshika.

Na ninyi, ni orkestra gani ya kwetu ilibadilika bila kukata mizizi?