Soko huria la mahindi katika Nyanda za Juu Kusini

Soko huria la mahindi katika Nyanda za Juu Kusini ni utaratibu ambao mkulima na mnunuzi hupatana bei wenyewe, bila bei hiyo kupangwa na serikali. Unahusu hasa mikoa ya Mbeya na Iringa nchini Tanzania, pamoja na Songwe na Njombe iliyomegwa kutoka mikoa hiyo miwili, na majirani zao Ruvuma na Rukwa. Utaratibu huo ulirudi kisheria katika nusu ya pili ya miaka ya 1980.

Watetezi wa soko huria husema kwamba bei ni habari. Friedrich Hayek aliandika mwaka 1945 kwamba ujuzi wa nani anahitaji nini, na wapi, umetawanyika kwa watu wengi mno, hata ofisi moja haiwezi kuukusanya. Bei ikipanda, mwenye lori hutafuta mzigo bila kuagizwa na mtu. Kwa mtazamo huo, ubunifu wa mfanyabiashara ni kuona pengo kabla ya wengine, na kanuni za serikali mara nyingi humfunga mikono.

Wakati wa bei moja

Baada ya Azimio la Arusha (1967) biashara ya nafaka iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na kuanzia mwaka 1973 Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) likawa mnunuzi mkuu. Katikati ya miaka ya 1970 ilianzishwa bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Mbeya, aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na yule wa Morogoro, na gharama ya usafiri ilibebwa na serikali.

Hapa ndipo historia inapokataa kufuata nadharia moja kwa moja. Bei hiyo, pamoja na mbolea ya ruzuku, mbegu chotara na reli ya TAZARA, ndiyo iliyowavuta wakulima wengi wa nyanda hizo kulima mahindi ya kuuza. Sifa ya ghala la taifa ambayo mikoa hii inayo leo ilijengwa kwa sehemu kubwa na udhibiti, si na soko.

Lakini hesabu haikulipa. NMC ilinunua mahali pa mbali kwa bei isiyorudisha gharama, ikazama katika madeni, na wakulima wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Wenye nafaka waliuza kwa magendo. Kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali kulikuwa kosa, na katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi mlanguzi aliwekwa kundi moja na mwizi. Mwaka uliofuata tu kiwango hicho kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka ndani ya nchi viliondolewa. Kazi iliyokuwa ya mlanguzi sasa ilikuwa ya mfanyabiashara.

Baada ya kufunguliwa

Wanunuzi binafsi walifika vijijini na malori, wakalipa taslimu. Dalali wa kijiji hukusanya mzigo kidogo kidogo, na simu ya mkononi imemwezesha kulinganisha bei ya Tandale, Dar es Salaam, na ile ya mpakani Tunduma kabla ya kufunga mzigo. Wengine hawauzi nafaka tena. Husaga na kufungasha unga.

Waliokaa mbali na barabara kuu walipoteza. Umbali, ambao zamani ulilipiwa na serikali, sasa hukatwa kwenye bei ya mkulima. Ruzuku ya mbolea nayo ilipunguzwa hadi kuondolewa mwaka 1994. Serikali iliirudisha kwa vocha mwaka 2008, na tena kwa mpango mwingine mwaka 2022.

Mpaka

Malalamiko makubwa ya leo ni kufungwa kwa mipaka. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katazo la kuuza mahindi nje, akitaka usafirishwe unga badala ya nafaka. Lengo lilikuwa usalama wa chakula, lakini mavuno yalikuwa mazuri na bei ikaanguka. Katazo la namna hii humsaidia mla ugali wa mjini kwa mfuko wa mkulima, jambo ambalo haliandikwi katika bajeti yoyote. Machi 2021 kizuizi kilitoka upande wa pili: Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu huharibu ini, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho.

Lumbesa

Kanuni nyingine huombwa na wakulima wenyewe. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza juu, hasa la viazi mviringo. Hulipwa kama gunia moja, ingawa huzidi kilo 100 zinazoruhusiwa. Hata mtetezi wa soko huria hukubali kwamba makubaliano hayana maana pasipo kipimo kimoja. Wakala wa Vipimo hukagua magunia barabarani na sokoni, lakini shambani, ambako bei hupatanwa, mara nyingi hakuna mzani.