Askari wa Sentimita Tano

Njoo, mjukuu wangu, keti hapa mkekani. Usimguse kwanza. Rangi haijakauka.

"Huyu ni nani, babu?"

Swali zuri hilo! Tumuulize mwenyewe.

"Mimi ni askari wa Keya, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Waingereza," anasema yule mdogo. "Nilitoka Afrika Mashariki, nikavuka bahari, nikapigana Burma mwaka 1944. Lakini juzi nilikuwa vipande tu. Mguu huku, mkono kule, nimening'inia kwenye fremu ya plastiki kama maembe kwenye vikonyo."

Kweli kabisa. Nilikata vikonyo, nikapiga msasa, nikaunga. Madukani nimeona wanajeshi wa Ulaya na Marekani tele. Wa Keya sikumpata. Basi nikachukua mwili wa Mwingereza, nikamfinyangia kofia pana, ukingo umepindwa upande mmoja.

"Mbona mdogo hivi?"

Unauliza kama fundi! Kipimo chake ni 1 kwa 35. Wapange 35 kama yeye, huyu juu ya kichwa cha yule, utapata mtu mzima wa sentimita 175.

Sasa fikiria chungu. Bibi yako amezoea kupika wali wa watu 70. Leo anapika wa watu wawili. Akipunguza mchele, je, maji atayaacha yaleyale? Hapana. Na chumvi? Hapana. Vyote vinapungua pamoja. Bunduki ya kweli ilikuwa sentimita 113. Hii ni sentimita tatu na ushei. Kifungo cha shati ni kama punje ya chumvi. Na jicho? Jicho nimelichora kwa ncha ya njiti, huku nimezuia pumzi. Likizidi kidogo tu, anakuwa bundi!

"Na ngozi umepaka rangi nyeusi?"

Tazama mkono wako juani. Unaona nini? Kahawia. Wekundu kidogo. Mng'ao kwenye vifundo vya vidole. Basi nimeanza na kahawia iliyoiva, nikatia nyepesi kwenye paji la uso, pua na mashavu. Kisha nikazimua rangi nzito ikawa kama chai ya rangi. Hiyo hukimbilia yenyewe kwenye mikunjo ya nguo, kama mvua inavyotafuta mtaro hapa uani. Uso peke yake umekula jioni mbili. Sijutii hata dakika moja. Huyu alikuwa babu wa mtu.

"Sasa mbona unampaka matope? Alishapendeza!"

Mwache ajibu.

"Kwa sababu ya bonde la Kabaw, kulekule Burma," anasema askari. "Tulilipita wakati wa mvua kubwa. Njia yote ilikuwa tope. Desemba tukafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wenzangu wengine tuliwazika hukohuko. Usinipe viatu safi."

Umesikia? Shika brashi, mjukuu wangu. Wewe, ndiyo. Anza na kiatu cha kushoto, upande hadi magotini.