Daoyin: Mazoezi ya Watao ya kulinda mwili uzeeni

MWAKA 1973, wanaakiolojia waliokuwa wakifukua makaburi ya Mawangdui, katika mji wa Changsha nchini China, walikuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44, wanaume kwa wanawake, wakijinyoosha, wakiinama na kuinua mikono.

Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Picha hizo ndizo za kale zaidi zinazojulikana za daoyin, yaani mazoezi ya kuongoza pumzi na kunyoosha viungo, ambayo wafuasi wa Utao waliyafanya njia mojawapo ya kutafuta maisha marefu.

Kwa mujibu wa mafundisho yao, uhai hutegemea qi, nguvu inayoaminika kuzunguka mwilini pamoja na pumzi. Ikikwama, maradhi huingia.

Tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwaka 208, anatajwa kuwa mwasisi wa mazoezi yanayoiga wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Alifundisha kuwa mwili sharti ushughulishwe, lakini usichoshwe kupita kiasi.

Maarufu zaidi leo ni baduanjin, yenye mazoezi manane. Katika la kwanza, mtu husimama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, hufungamanisha vidole, kisha huinua viganja juu ya kichwa huku akivuta pumzi. Hushusha mikono polepole akiitoa.

Je, mazoezi hayo huongeza umri? Hilo halijathibitishwa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulihusisha watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofanya tai chi, mazoezi ya jamii hiyo hiyo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 58 kuliko waliojinyoosha tu.

Faida hiyo si ndogo, kwani mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena bila msaada.

Aidha, mazoezi hayachukui nafasi ya tiba. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa, na mwenye kizunguzungu amwone daktari kwanza.

Historia nayo inaonya. Wafalme kadhaa wa enzi ya Tang waliotafuta kutokufa kwa kumeza vidonge vyenye zebaki wanaaminika kuuawa na sumu hiyo. Kilichodumu ni pumzi ya utulivu na viungo visivyoachwa vikakakamaa.